Nondo za balkoni zikae juu au chini?

Msomaji wetu wa Kibaha ameandika hivi: "Shikamoo mhandisi. Najenga nyumba ya ghorofa moja na tumefika kwenye slabu. Balkoni ya mbele inatoka nje ya ukuta mita moja na nusu, haina nguzo chini yake, unene ni inchi 7. Kwenye ramani nondo za balkoni zimechorwa juu, lakini fundi amezisuka zote chini. Nilipomuuliza alisema nondo za slabu siku zote hukaa chini, miaka 20 anafanya hivyo, na kama nina wasiwasi ataongeza nondo mbili tatu. Jumamosi tunamwaga zege. Je, zikiongezwa inatosha? Na dada yangu wa Chalinze ameshajengewa balkoni kama hii na fundi huyohuyo mwaka jana, afanye nini?"

Marahaba, dada yangu. Haitoshi. Fundi akiongeza nondo mbili, tano au kumi, zikiwa chini ya slabu haziibebi balkoni hiyo. Zihamishwe juu kabla ya Jumamosi, na muda usipotosha ahirisha kumwaga. Nimeanza na jibu kwa kuwa siku zilizobaki ni chache. Yanayofuata ni sababu zake, maana unakwenda kuzungumza na mtu mwenye uzoefu wa miaka 20, na kumwambia tu "mhandisi kasema" hakutamshawishi.

Fundi wako hasemi uongo. Slabu nyingi alizomwaga zimelala juu ya kuta, chumba kikiwa katikati. Slabu ya namna hiyo ikielemewa hubonyea katikati kama kitanda cha kamba. Inapobonyea, upande wake wa juu unabanwa na wa chini unavutwa. Nondo zake huwekwa chini, kwenye mvuto, na nyumba alizojenga zimesimama kwa sababu alifanya sawasawa. Balkoni isiyo na nguzo hupinda kinyume. Imeshikwa upande mmoja tu, ule wa ukutani, na ncha ya nje haina cha kuegemea. Uzito unaishusha ncha, na inaposhuka, uso wa juu ndio unaovutwa na wa chini ndio unaobanwa. Mvuto umehamia juu, kwa hiyo nondo nazo zihamie juu.

Kama una watoto wa shule nyumbani, waombe chaki tatu na selotepu, ufanye jaribio hili leo usiku. Simamisha chaki moja wima mezani, uibonyeze kwa kiganja polepole. Inahimili. Sasa ilaze, nusu yake itokeze nje ya ukingo wa meza, shikilia kwa nguvu sehemu iliyo mezani, na kwa kidole kimoja bonyeza ncha ya nje. Itakatika palepale ukingoni, bila hata kupinda. Chukua ya pili, ubandike selotepu kwa urefu wake upande wa juu, urudie: utalazimika kuongeza nguvu. Ya tatu bandika selotepu upande wa chini. Hiyo itakatika kwa urahisi kama ya kwanza, kisha kipande cha nje kitaning'inia kwenye selotepu. Balkoni zilizowekewa nondo chini zikianguka huwa hivyohivyo: zinakunjika ukutani na kuning'inia kwenye nondo zao, na nondo zenyewe hazijakatika hata moja. Selotepu haikuwa na kasoro. Ilikuwa mahali pasipo na kazi.

Zege ni ndugu wa chaki. Zege la kawaida la nyumba, likishafikisha siku 28, hubeba nyutoni 25 hivi kwa kila milimita ya mraba likibanwa (nyutoni kumi ni kama uzito wa kilo moja). Likivutwa linaachia kwenye nyutoni 2 au 3, yaani takriban sehemu moja ya kumi. Nondo za siku hizi zinavumilia mvuto wa nyutoni 460 au 500 kwa milimita hiyohiyo ya mraba kabla hazijaanza kurefuka moja kwa moja. Ndiyo maana tunavioanisha: zege libebe mbano, chuma kibebe mvuto. Ndoa hiyo inadumu kwa sababu joto likipanda au kushuka, vyote viwili hutanuka na kusinyaa karibu sawa. Isingekuwa hivyo, jua la Pwani peke yake lingevitenganisha.

Wazee wetu wa Lamu na Unguja walitumia boriti za mikoko kushikilia dari zao za mawe na chokaa. Mti una nyuzi, unavumilia kuvutwa kwa juu na kwa chini, kwa hiyo boriti haikuwa na swali la "juu au chini". Shida yake ilikuwa urefu: vyumba vya nyumba zile ni vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu boriti haikuweza kuvuka zaidi ya hapo. Sisi tumepata zege lenye nondo, tunavuka mita tano bila hofu, ila tumepata pia wajibu wa kujua kila sehemu ya zege inavutwa upande gani.

Sasa tupige hesabu ya balkoni yako, maana ukubwa wa kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma, iliyomo humo huwashangaza hata mafundi wazuri. Chukua kipande chenye upana wa mita moja kando ya ukuta. Slabu ya inchi 7 ina uzito wa kilo 440 hivi kwa mita ya mraba. Sakafu ya juu, vigae na lipu ya chini ni kama kilo 120. Watu na viti vyao tunawakadiria kilo 250. Jumla kilo 810 kwa mita ya mraba, na kwa kuwa inatoka mita 1.5, kipande chetu kina kilo 1,215. Kama pia umepanga kujenga ukuta mfupi wa tofali nchani, wa kimo cha mita moja, ongeza kilo 350 hivi.

Lakini uzito wenyewe ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni umbali wake kutoka ukutani. Hapa ndipo somo la wenzo la shule ya msingi linaporudi: ukuta ni egemeo, na mzigo ulio mbali na egemeo una nguvu kuliko ulio karibu. Kilo 1,215 zimesambaa, kitovu chake kiko sentimita 75 kutoka ukutani, kwa hiyo nguvu ya kupinda ni kama 910 tukizidisha kilo kwa mita. Zile kilo 350 za ukuta mfupi ziko mwisho kabisa, mita 1.4 na ushei, nazo zinaleta kama 490. Jumla 1,400. Ukuta mfupi ni chini ya robo ya uzito wote, lakini umeleta zaidi ya theluthi moja ya nguvu ya kupinda. Ningekuwa wewe, pale mbele ningeweka grili ya chuma. Mimi nimeshawaomba wateja wengi wabadilishe, na bado naona ni ushauri bora kuliko kuongeza nondo.

Hiyo 1,400 inapofika ukingoni mwa ukuta lazima kitu kiipinge. Kinachoipinga ni mvuto wa nondo juu na mbano wa zege chini, vikiwa mbalimbali kwa sentimita 13 tu ndani ya unene wa slabu. Gawanya 1,400 kwa 0.13 upate karibu kilo 10,800. Yaani katika kila mita ya upana wa balkoni yako, nondo za juu zinavutwa kwa kani sawa na uzito wa karibu tani 11. Kumbuka wenzo tena: mkono wa nje ni mrefu, mkono wa ndani ni sentimita 13, na fidia yake ni hiyo kani kubwa. Tani 11 hizo, nondo zisipokuwepo juu, zinaangukia zege tupu.

Jambo hili liliwasumbua watu wakubwa kabla yetu. Galileo, mwanasayansi wa Italia, mwaka 1638 alieleza boriti iliyochomekwa ukutani ikining'iniziwa mzigo nchani. Aliona sawasawa kwamba ni wenzo, lakini hakujua kwamba upande wa chini unabanwa. Alidhani unene wote unavutwa. Mtunza bustani wa Ufaransa, Joseph Monier, alipata hataza (haki rasmi ya mvumbuzi) ya vyungu vya maua vya saruji yenye chuma mwaka 1867, na chuma chake alikuwa akikiweka katikati ya unene. Ilichukua karibu miaka 20 mpaka mhandisi wa Ujerumani, Mathias Koenen, alipochapisha mwaka 1886 hesabu zilizoonyesha kwamba chuma kikae upande unaovutwa. Nakutajia haya uyapeleke kwa fundi. Kama aliyeanzisha kazi hii hakuwa ameliona jambo hilo, fundi wako hana cha kuonea aibu akibadilisha mawazo leo.

Atakujibu, nina hakika: "Mbona nimezijenga nyingi na zimesimama?" Jibu la swali hilo ndilo linaloninyima usingizi kuhusu balkoni za nchi hii. Balkoni yenye nondo chini inaweza kusimama kwa muda kwa nguvu ya zege tupu. Mbao zikiondolewa, inabeba uzito wake peke yake, na uso wa juu pale ukutani unavutwa kwa nyutoni 1 hivi kwa milimita ya mraba. Zege linamudu. Ukishaweka vigae na ukuta mfupi, inafika 2.1 hivi. Bado inaweza kusimama, ikiwa zege lilichanganywa vizuri na kumwagiliwa maji ipasavyo, na ikiwa kusinyaa kwa zege hakujaleta ufa mwembamba pale juu. Fundi anapokea hela yake, anaondoka, moyoni ana hakika alijenga vizuri. Kisha inakuja siku ya ngoma au ya msiba, watu kumi na tano wanatoka balkoni kwa pamoja, mvuto unafika 2.6 hivi. Ufa ukishafunguka hakuna kinachouzuia. Slabu yenye nondo mahali pake hutoa taarifa: inashuka, inapasuka nyufa nyembamba, vigae vinainuka, watu wanapata siku au miezi ya kuhama. Hii haitoi taarifa. Na inawachukua walio juu na walio chini yake, mara nyingi watoto waliokaa kivulini.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Nondo kuu za balkoni ni zile zinazotoka ndani ya nyumba kwenda nje, zikiuvuka ukuta. Hizo ndizo ziwe juu kabisa. Nondo zinazokwenda sambamba na ukuta zikae chini ya hizo kuu. Nimeona mara nyingi zimesukwa kinyume, na sentimita moja inapotea bure. Juu ya nondo kuu ibaki sentimita 2.5 ya zege. Kwa anayejenga karibu na bahari isipungue 4, kwa sababu chumvi huifikia nondo na kuilisha kutu, na mhandisi aongeze unene wa slabu ili nondo zisipoteze kina. Nyavu nyepesi ya chini ikiwemo haidhuru, iache.

Nondo hizo ziingie ndani ya slabu ya chumba vya kutosha. Kanuni tunayoitumia ni angalau mara moja na nusu ya urefu wa balkoni, kwa hiyo kwako ni mita 2.25 kutoka ukutani kuelekea ndani, au zaidi kama ramani inasema hivyo. Ule mvuto wa tani 11 lazima upate pa kushika, na uzito wa slabu ya ndani ndio unaozuia balkoni isipinduke. Ni kama watoto wawili kwenye pembea ya ubao: aliye nje anahitaji mwenzake wa ndani. Ndiyo maana pia nondo iliyochomekwa ukutani sentimita 30 tu, hata ikiwa juu, haifai kitu.

Sasa jambo ambalo ramani hailioni. Nondo zinaweza kuwa juu Ijumaa jioni na kuwa katikati Jumamosi saa sita mchana. Niliwahi kufika kwenye kazi moja wakati wa kumwaga, nondo za juu nilizokuwa nimezikagua mwenyewe asubuhi, nikawakuta vijana wanapita juu yake na makarai ya zege, mabuti yao yanakanyaga palepale ukutani ambapo mvuto ni mkubwa kuliko kote. Nilichomeka msumari kwenye zege bichi mpaka ukagonga chuma: sentimita 8 chini. Tulisimamisha, tukazivuta juu kwa mikono zege likiwa bado laini, tukaendelea. Kwa slabu yako, nondo zikishuka sentimita 5 tu, zaidi ya theluthi moja ya nguvu imepotea, na ukishasawazisha uso hakuna anayeweza kujua kwa macho. Kwa hiyo mwambie fundi azikalishe kwenye viti vilivyokunjwa kwa mabaki ya nondo, vipangwe kila baada ya sentimita 80 hivi na vifungwe kwa waya. Chini ya miguu ya viti weka biskuti za zege, yaani vipande vidogo vya kuinulia chuma, maana chuma kikigusa mbao kitashika kutu kikionekana nje. Wapita njia watandikiwe mbao zilizoinuliwa juu ya tofali. Wewe mwenyewe simama pale na futi. Pima kutoka juu ya ubao wa pembeni hadi kwenye nondo, kabla ya kumwaga na wakati wa kumwaga. Hilo halihitaji shahada.

Kuhusu kuondoa mirunda, yaani miti inayoegemeza mbao za zege, balkoni ina utaratibu wake. Isubiri siku 28. Anza kuondoa nchani ukija ukutani. Ukianza ukutani na kuacha mrunda mmoja nchani, kwa saa chache slabu hiyo inakuwa daraja la kuegemea pande mbili na inapinda kwa namna ambayo haikusukiwa. Baadaye, usiweke tangi la maji pale. Lita 1,000 ni tani nzima, nimeona watu wakiliweka kwenye pembe ya balkoni kwa sababu tu bomba limepita karibu. Na uso wa juu uwe na mteremko wa kutoa maji nje, kwa sababu nondo zako za uhai ziko sentimita 2.5 tu chini ya mvua.

Pengine fundi ataona kuhamisha nondo ni badiliko dogo lisilostahili kelele. Mwaka 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City, Marekani, njia mbili za kupita watu, moja juu ya nyingine, zilizoning'inizwa ndani ya ukumbi ziliporomoka, watu 114 wakafa. Mchoro wa awali ulikuwa na fimbo ndefu za chuma zinazoshikilia njia zote mbili. Ili kurahisisha kazi, kila fimbo ndefu ikagawanywa kuwa mbili fupi. Kwa macho ni kitu kilekile, lakini maungio ya njia ya juu yakajikuta yanabeba mzigo mara mbili, kwa kuwa njia ya chini sasa ilikuwa inaning'inia kwenye ile ya juu. Hakuna aliyepunguza chuma. Kilichobadilika ni njia ambayo mzigo unapita kwenda kwenye jengo. Fundi akitaka kubadilisha chochote kwenye ramani yako, aliyeichora aulizwe kwanza.

Mwendee fundi asubuhi, kabla vijana hawajafika, usimsahihishe mbele yao. Mpe chaki zako tatu. Kazi ya kuhamisha ni ya siku moja kwa watu wawili watatu, na umlipe siku hiyo, hata kama unaona kosa ni lake. Waya na kazi ya kukunja viti ni hela ndogo ukilinganisha na zege utakalomwaga.

Sasa dada yako wa Chalinze. Watu wasikae kwenye balkoni hiyo kuanzia leo, na vyungu vya maua vitolewe. Atazame sakafu ya juu pale inapokutana na ukuta wa nyumba: ufa unaokwenda sambamba na ukuta, au vigae vilivyoachana kwa mstari, ni dalili mbaya. Kutouona pia si ruhusa ya kuendelea kuitumia, kwa sababu nimeeleza jinsi zege linavyoachia bila taarifa. Amwite mhandisi aliyesajiliwa, mwenye kifaa cha kutambua nondo ndani ya zege, athibitishe ziko wapi. Zikikutwa chini kweli, si lazima kubomoa. Mara nyingi tunajenga nguzo mbili nchani, zenye misingi yake, na bimu juu yake inayoipokea slabu. Balkoni ikishaegemea pande mbili itapinda kama slabu ya chumba, mvuto utarudi chini, na zile nondo zilizokuwa hazina kazi zitaanza kuibeba. Inaweza kutokea ufa mdogo juu pale ukutani; huo utazibwa maji yasiingie.

Wakati mhandisi anasubiriwa, aweke mirunda mitatu minne nchani, chini yake ubao mpana juu ya ardhi ngumu, na ikazwe kwa kabari mpaka iguse tu. Isiinue slabu. Mhandisi anaweza kufika wiki ijayo. Mirunda iwekwe leo.